Kwenye Dirisha la Dawa, Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa na Wanaowauguza

Mwandishi wa ukurasa huu ni mfamasia anayefanya kazi Moshi mjini. Maswali yametoka dirishani, kliniki za presha na sukari, na kwa ndugu wanaokuja kumchukulia mgonjwa dawa. Majibu yamebeba pia yale ambayo wauguzi, madaktari na wateknolojia dawa wamekuwa wakiyasema kuhusu namna ya kuiboresha kazi hii. Kila unapokuta neno "naona", ujue hayo ni yangu, msiwalaumu wenzangu.

Mnaposema huduma "inayomjali mgonjwa", kwani ya zamani ilikuwa haimjali?

Ilimjali, ila macho yalikuwa kwenye dawa zaidi. Tulikaguliwa hivi: dawa iliyotoka ndiyo iliyoandikwa? Idadi iko sawa? Daftari limejazwa? Yakitimia hayo, hesabu imefungwa. Mgonjwa akifika nyumbani akazinywa, akazigawa na jirani au akazitundika darini, haikuwa shughuli ya mtu.

Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Hepler na Strand, waliandika kwamba mfamasia anawajibika kwa matokeo ya dawa mwilini mwa mgonjwa, hata baada ya kuikabidhi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, karibu nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu ndio wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa. Kama ni hivyo huko, sisi ambao mgonjwa wetu amepanda gari alfajiri kutoka Tarakea, akapanga foleni ya daktari, ya maabara, ya malipo, kisha ya dawa, tuna kila sababu ya kumuuliza amebaki na nini kichwani.

Pale dirishani nani ni nani? Mimi wote nawaita daktari.

Moshi mtu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, na tumezoea. Mfamasia ana shahada ya famasia. Mteknolojia dawa ana stashahada, na katika vituo vingi ndiye unayekutana naye kila siku. Wote wanasimamiwa na Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Kwenye zahanati ndogo unaweza kupewa dawa na muuguzi, kwa sababu hakuna mwingine. Duka la Dawa Muhimu, lile lenye maandishi DLDM, ni la ngazi nyingine: mtoa dawa wake amepata mafunzo maalumu, na anaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ukaja kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi.

Una haki ya kuuliza, "Samahani, wewe ni nani hapa?" Hakuna atakayekununia. Akinuna, hilo nalo ni jibu.

Bahasha yangu imeandikwa 1x3. Ina maana gani?

Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Tatizo ni kwamba bahasha haisemi lini.

Bibi mmoja alipewa vidonge vya antibiotiki, bahasha ikiandikwa hivyohivyo, 1x3. Nikamuuliza, "Bibi, ukifika nyumbani utazinywaje?" Akaigeuza bahasha, akaisogeza mbali kidogo na macho. "Si nitakunywa tatu asubuhi, mwanangu? Hapa pana tatu." Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na alama mbili na herufi moja, akazisoma kadiri zilivyosomeka. Mwandishi wa bahasha ndiye aliyefanya kazi nusu.

Hata anayeijua 1x3 huigeuza kuwa asubuhi, mchana, jioni, akaziweka dozi zote ndani ya saa kumi na mbili za mwanga, kisha usiku mzima mwili haupati kitu. Dawa ya kila baada ya saa 8 inakaa vizuri zaidi hivi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Si lazima dakika kwa dakika, lakini usiku usiachwe mtupu.

Mseto wa malaria (ALu) ndio unaosumbua kuliko zote. Mtu mzima hunywa vidonge vinne kwa mara sita, jumla 24. Dozi ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni siku hiyohiyo. Kisha unaendelea asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Bahasha iliyoandikwa "4x2" hailielezi hilo la saa 8. Tena dawa hii hufyonzwa vizuri ikienda na chakula chenye mafuta: mtori wenye nyama, maziwa, hata chai ya maziwa na chapati. Chai ya rangi tupu haitoshi.

Wengi wetu tunataka bahasha ziandikwe kwa maneno na saa, au ziwe na picha za jua na mwezi. Si jambo la bajeti kubwa. Kalamu ile ile inayoandika 1x3 inaweza kuandika "kimoja saa 12 asubuhi". Wapo wanaosema foleni hairuhusu. Mimi naona foleni inarefushwa zaidi na yule anayerudi kesho kutwa akiwa hajapona.

Daktari ameshaandika. Kwa nini nanyi mnanihoji upya?

Kwa sababu kuna mambo unayotueleza sisi ambayo hukumweleza yeye, mara nyingi kwa vile hakuuliza au ulikuwa na haraka ya kutoka. Tutakuuliza una mimba au unanyonyesha, kama kuna dawa iliyowahi kukuletea vipele au kukuvimbisha, na unatumia nini kingine. Tukikuomba urudie kwa maneno yako jinsi utakavyotumia dawa, usidhani tunakufanyia mtihani. Tunapima kama sisi tumeeleza vizuri.

Na ukija kliniki, beba dawa zako zote, hata za dukani, hata zile za mwaka jana, uzimwage mezani. Huko ndiko tunakokuta mambo. Mama mmoja alikuwa na pakiti mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti, moja ya hospitali na nyingine ya duka la dawa mjini. Zote mbili zilikuwa amlodipini. Alikuwa anakunywa dozi mara mbili ya presha kila asubuhi, na miguu imevimba. Ukisoma faili lake peke yake, usingeona chochote.

Dawa yenye jina jingine na bei ndogo ni ile ile?

Ikiwa jina la asili la dawa na kipimo vinafanana, na imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiyo. Jina kubwa la mbele ni la kiwanda. Jina la dawa yenyewe huwa dogo, chini yake. Zipo dawa chache, kwa mfano za kifafa, ambazo hatupendi kubadilisha kiwanda kila mwezi kwa mgonjwa aliyekwisha kutulia. Kwa nyingine, okoa hela yako.

Bohari ya Dawa ya kanda iko hapahapa Moshi. Mbona naambiwa dawa hakuna?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Bohari (MSD) hupeleka kile kituo kilichoagiza na kinachoweza kukilipia. Kituo kikikosea makadirio, kikichelewa kuagiza, au kikiwa na deni, rafu hubaki tupu hata kama ghala liko mtaa wa pili. Kuna nyakati nyingine ghala lenyewe halina.

Wauguzi na madaktari wanatulalamikia hapa, na wana haki. Daktari anaandika dawa asiyojua kama ipo, mgonjwa anafika dirishani, anarudishwa kubadilishiwa, anapanga foleni upya. Suluhisho ni kuwapa wanaoandika orodha ya dawa zilizopo kila asubuhi. Kituo chenye mfumo wa kompyuta unaoonyesha akiba hakihitaji hata karatasi. Wewe ukiambiwa hakuna, usiondoke na cheti tu. Uliza, "Kuna mbadala? Naweza kuipata wapi? Nikiikosa kwa wiki moja itakuwaje?" Swali la tatu ndilo kubwa, maana zipo dawa za kusubiri na zipo zisizosubiri kabisa.

Wahudumu wenyewe wanataka nini kibadilike?

Ukituweka chumba kimoja tutabishana, ila mambo fulani yanajirudia.

La kwanza, na naona ndilo zito, ni kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU. Mtu anayetumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, huwa na chumba cha kuzungumzia, mshauri, tarehe ya kurudi, na anayempigia simu asipotokea. Akitulia hupewa dawa za miezi mitatu au hata sita. Mwenye presha au kisukari hupewa bahasha na kuambiwa "rudi baada ya mwezi". Muuguzi yeyote aliyefanya kazi pande zote mbili atakuuliza kwa nini. Elimu tunayo, mfumo tunao, umo ndani ya ua mmoja, kwa nini hauvuki korido? Kuna kikwazo cha kweli: ARV hutolewa bure, dawa za presha hulipiwa, na mara nyingi bima hutoa za mwezi mmoja kwa wakati mmoja. Kumpa mtu za miezi mitatu ni kumwambia alipe miezi mitatu. Lakini tarehe, simu na kiti cha kukalia wakati wa kuelezwa havisubiri bima.

La pili ni mfamasia kuingia wodini. Katika hospitali kubwa, KCMC ikiwa mojawapo, mafunzo na raundi za kuwapitia wagonjwa vitandani ni sehemu ya maisha ya kila siku, na mfamasia akiwepo kitandani anauona mgogoro wa dawa kabla haujafika kwa mgonjwa. Kwenye vituo vidogo, mfamasia mmoja ndiye huagiza, hupokea, huhesabu, hujaza ripoti na kusimama dirishani. Ukimwambia aende raundi atakucheka, kwa upole.

La tatu ni siku ya kuruhusiwa. Mgonjwa anatolewa Ijumaa jioni, ndugu wako nje na gari, muuguzi ana vitanda kumi vya kushughulikia. Mgonjwa anakabidhiwa dawa saba ndani ya dakika mbili. Wauguzi wanaomba hapo mtu wa dawa awepo. Wengine wanasema, kwa haki, kwamba tusiwaongezee fomu nyingine kwa jina la kuboresha huduma. Nakubaliana nao. Fomu mpya ndiyo njia rahisi ya kuonekana umefanya kitu.

Madaktari wanakubali kurekebishwa na mfamasia?

Wengi ndiyo, wakiulizwa vizuri. Kinachowaudhi, na wanakisema waziwazi, ni mgonjwa kurudi na ujumbe, "Wamesema umekosea." Hapo daktari amevuliwa nguo mbele ya mtu wake, na mgonjwa amepoteza imani kwa wote wawili. Simu moja inamaliza: "Daktari, mzee wako huyu anatumia wafarini, nimeona umemwandikia na dikilofenaki, unapenda tubadilishe?" Wafarini huzuia damu kuganda, dikilofenaki ni ya maumivu, na zikienda pamoja mgonjwa anaweza kutoka damu. Daktari anashukuru, mzee hajui hata kulikuwa na jambo.

Kwa hiyo nikiulizwa kifaa gani kinunuliwe kwanza, nasema simu ya dirishani yenye vocha. Mfumo wa kompyuta umetupunguzia miandiko isiyosomeka, umetuletea kosa jipya: kuchagua mstari wa chini badala ya wa juu. Amlodipini ya presha na amitriptilini, ambayo ni dawa ya sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, huanza kwa herufi zilezile. Kompyuta haishtuki. Mtu anashtuka.

Naona aibu kueleza shida yangu mbele ya foleni.

Una haki ya kuona hivyo. Mhudumu akimwambia dada "hii ni ya kuingiza ukeni" kwa sauti ya kupenya kioo, ameshamtangaza. Mstari wa rangi sakafuni, hatua mbili nyuma ya anayehudumiwa, unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kama hakuna, sema kwa sauti ndogo, "Naomba tuzungumze pembeni," au tuandikie kwenye karatasi. Hatutakuuliza kwa nini.

Kwa nini duka limekataa kuniuzia antibiotiki? Jana nimeipata kwingine bila cheti.

Waliokataa wamefuata sheria. Utafiti uliofanyika Moshi mjini na kuchapishwa mwaka 2018 ulituma wateja wa kuigiza madukani, na zaidi ya asilimia 90 ya wauzaji waliwapa antibiotiki bila cheti. Hiyo ni aibu yetu sisi wa taaluma, si yenu. Matokeo yake yanaonekana hospitalini, pale kipimo cha maabara kinaporudi na kuonyesha kwamba dawa tuliyoitegemea haimuui tena mdudu.

Muuza duka naye ana lake: akikukataa unavuka barabara. Wenye maduka wanasema hawataki kuwa wajinga peke yao mtaani, na ukaguzi unaomgusa mmoja na kumwacha jirani yake hausaidii. Mafua yenyewe, kwa kawaida, hayahitaji antibiotiki. Nusu dozi ya "rangi mbili" ukiwa na mafua ni hela iliyokwenda na maji.

Natumia dawa za kienyeji. Nikiwaambia mtanigombeza?

Hapana, na kama kuna aliyekugombeza, amekosea. Wakongwe wa kazi hii kaskazini wanakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba. Wapo walioziacha ARV na dawa za kisukari. Waliokaripiwa waliporudi hawakusema tena kitu; waliopokewa walieleza, wakaanzishiwa upya. Tulijifunza hapo kwamba mgonjwa anayekuficha ndiye usiyeweza kumsaidia.

Tunauliza pia chakula na kinywaji, wala si umbea. Mnafu na mchicha vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini. Hatukukatazi mboga ya kwenu. Tunataka kiasi kisipande na kushuka wiki hadi wiki. Metronidazo, ambayo ni antibiotiki, na mbege, pombe yetu ya ndizi, haviendi pamoja: subiri dozi iishe na siku mbili tatu zipite, hata kama kuna sherehe. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, kwa hiyo mama mjamzito asinywe vidonge vya damu kwa chai. Na anayefunga, Ramadhani au Kwaresima, aje kabla ya kuanza, hasa anayetumia dawa za kisukari kama glibenklamidi au insulini, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Nimesahau dozi. Ninywe mbili?

Usinywe mbili. Ukikumbuka mapema, inywe; ukikumbuka muda wa inayofuata umekaribia, ruka hiyo uendelee. Kwa vidonge vya uzazi wa mpango, kifafa na wafarini, uliza, zina utaratibu wake.

Sina friji, insulini niiweke wapi?

Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo iache kituoni au kwa jirani mwenye friji, mbali na sehemu ya kugandishia. Ikiganda, haifai tena. Unayoitumia hukaa nje kwa takriban wiki nne bila shida, mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi. Huku juu Marangu na Kibosho mara nyingi hupati tabu. Ukiwa mjini au Kahe mwezi wa pili, chukua chungu kikubwa, weka mchanga wenye maji, na chungu kidogo ndani yake kibebe chupa iliyofungwa kwenye mfuko. Kiweke kivulini penye upepo.

Dawa imenidhuru. Niseme wapi?

Rudi ulikopewa, ukiwa na pakiti. Tunajaza fomu ya njano ya TMDA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Huhitaji uhakika kwamba ni dawa, shaka inatosha. Uso ukivimba, ukipumua kwa shida, au ngozi na midomo ikibabuka, acha dawa na nenda hospitali usiku huohuo. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa kwa anayetumia dawa za TB ni kawaida, rifampisini ndivyo ilivyo. Hili tunapaswa kukuambia mapema. Wapo walioacha dozi kwa hofu hiyo tu.

Mama yuko Rombo, mimi niko Dar. Naweza kumfuatilia dawa zake?

Mama akiridhia, ndiyo. Mwombe amwambie mhudumu kwa kinywa chake, namba yako iandikwe kwenye faili, na uwe na picha ya kila pakiti kwenye simu. Usitume dawa kwa basi bila kuuliza kituo, kwani huenda ameshabadilishiwa. Na ukipiga, mwulize "leo umekunywa saa ngapi?" Ukimuuliza "unakunywa dawa?" atakujibu ndiyo, mwanangu.

Nikiwa na maoni kuhusu huduma ya dirishani, yanasomwa kweli?

Yaliyoandikwa "huduma mbaya" hatuna la kuyafanyia. Andika siku, saa, dirisha na kilichotokea: "Jumanne saa 5, dirisha la pili, sikuelezwa dawa ya macho inakaa muda gani baada ya kufunguliwa." Hilo linafika kwenye kikao cha asubuhi na linajadiliwa. Na jibu lake, kwa dawa nyingi za macho, ni siku 28.